Visima vya Wazaliwa wa Pili

Kwetu milimani jina hufuata zamu ya kuzaliwa. Msichana wa pili jina lake lipo kabla mama hajashika mimba, na ng'ambo ya mpaka, kwa jamaa zetu wa Kongo, ni vivyo hivyo. Mimi ni wa pili. Shuleni ulipoita jina langu, waligeuka wasichana watano. Nilijua hayo tangu utotoni, na bado nilikwenda Bwera, mpakani, kupima maji ya visima nikaandika daftarini jina moja tu kwa kila mwenye kisima, kama mgeni.

Visima viwili vilivyopakana vilikuwa vya wanawake wawili waliotoka Beni, Kongo, wote wazaliwa wa pili, jina moja. Waliitana somo, na walikuwa wakiazimana hata vitenge. Kisima cha juu kilikuwa safi. Cha chini, karibu na vyoo, kilikuwa na vijidudu vya kinyesi. Nilipochora jedwali nyumbani Kasese, nilibadilisha matokeo yao bila kujua, cha chini kikawa safi na cha juu kichafu.

Hapo mtu mwingine alipaswa kulishika kosa langu. Chuo nilikofundisha kilidai makala iliyochapishwa, la sivyo mkataba wangu ungekwisha, na jarida moja la mtandaoni lilikuwa likiniandikia kila wiki, likiniita Profesa Mtukufu. Niliwatumia makala ya visima Jumatatu. Jumatano wakajibu kwamba wahakiki watatu wameisoma na kuisifu. Hakuna aliyeuliza hata swali moja. Nilijua ni uongo, nikalipa ada yao hivyo hivyo. Nikafurahi kama mjinga, nikampelekea mwenyekiti wa kijiji nakala, naye akawasomea watu matokeo baada ya misa.

Mwenye kisima cha chini akaacha kuchemsha maji. Kuni ni taabu Bwera, na maandishi yalikuwa yamesema maji yake ni safi. Mvua zilipokolea, binti yake alihara siku tatu, akafa.

Niliposikia, nilifungua daftari, nikaona pembeni nilikuwa nimeandika "karibu na vyoo" kando ya kipimo kichafu. Niliomba jarida lisahihishe. Wakanipongeza, wakanikaribisha kwenye bodi yao ya wahariri. Makala iko pale pale hadi leo, na jina langu juu yake. Mtu akiniita sokoni nasita kugeuka, nikiogopa kwamba anayeitwa ni mmoja wa wanawake wale wawili.

Nilikwenda kwa mama wa marehemu. Alikuwa mlangoni akichambua maharagwe.

"Mama, maji yako ndiyo yaliyokuwa machafu. Nilikosea mimi."

"Hapana, mwalimu," akasema bila kuinua macho. "Kitabu ilisema maji yangu iko muzuri. Ya somo ndiyo iko mubaya. Ndiyo nilijua ni yeye."

"Yeye alifanya nini?"

"Alitia sumu kwa kisima yangu, juu ya wivu. Nilisema mbele ya batu bote. Bakamufukuza."

Nilitoa daftari nikamwonyesha, nikaeleza mara mbili. Nilitaka anitukane. Ningekuwa nikilala vizuri zaidi tangu siku ile kama angenitukana. Mikono yake ilisimama juu ya ungo, akatazama nyumba ya juu, ya somo wake, ambayo mlango wake ulikuwa umepigiliwa mbao.

"Alirudi Beni," akasema. "Sasa kule iko vita, batu ba Beni banakimbilia huku kila siku. Ninabaangalia pale mupaka. Yeye simuoni."

Nilifunga daftari.

"Mwalimu, nitamuomba musamaha wapi?"