Nyasi za Uwanja wa Kenyamonta

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa fyekeo, ndoo ya chokaa na mfuko mrefu wa kitambaa uliokuwa wazi pande zote mbili. Nikadhani ni suruali iliyokosa mguu mmoja. Bwana Mkaguzi wa Viwanja, mtu wa soksi ndefu na maneno mafupi, akaufunga juu ya mlingoti, ukajaa upepo. Rubani akiutazama kutoka angani hujua upepo unatoka wapi. Nilijiona mjinga, ila mjinga mwenye ajira.

Uwanja wetu ulikuwa ukanda wa nyasi tu, pembeni umepangwa mawe meupe. Kila mwezi ndege ya daktari ilitua hapo. Nyasi hazikutakiwa kupita kifundo cha mguu. Mashimo niliyapima kwa baiskeli: unaendesha mbio uwanja mzima, na meno yakigongana, hapo pana kazi.

Amri kubwa kuliko zote Bwana Mkaguzi aliirudia kila alipokuja: "Ng'ombe akikanyaga hapa, wewe kazi huna."

Kwato hutoboa ardhi, na tundu dogo huweza kuvunja gurudumu. Mimi Mkurya niliyekulia nyuma ya mikia ya ng'ombe nikawa wa kuwafukuza. Majirani walinicheka sana.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, Mwenyekiti wa Kijiji aliutamani uwanja ili apanue shamba la pamba. Katibu Tarafa akapinga. Alisema ndege ya kwanza kuonekana kwetu, enzi za mkoloni, ilitua hapo hapo, na sasa liwekwe jiwe la kumbukumbu. Wakapatana hivi: siku ya kuzindua jiwe, Bwana Mkaguzi aje kwa ndege. Ikitua salama, uwanja unabaki. Ikishindwa, trekta linaingia.

Mimi nikaugua malaria. Nilipotoka hospitali Mugumu, zimebaki siku sita kabla ya uzinduzi, mvua ilikuwa imekatika na ardhi imekauka, lakini nyasi zilinifika magotini. Nikaomba watu. Mwenyekiti akajibu kwa upole kwamba wote wako kwenye palizi. Nilifyeka peke yangu kutwa nzima, nikapata pa kutandika mkeka. Nilikaa chini nikalia, na sioni aibu kusema. Nilikuwa nimeona wajawazito wangapi wakipandishwa ile ndege ya daktari?

Bibi Bhoke, jirani wa uwanja, aliniletea uji. Yeye aliiona ile ndege ya kwanza akiwa bado bibi harusi.

"Mura, kijana wangu, unahangaika nini?" akaniuliza. "Ile haikufyekewa. Ilizunguka, ikashuka pale ng'ombe wa baba mkwe wangu walipomaliza nyasi."

Nikamweleza amri ya Bwana Mkaguzi. Akasubiri nimalize uji, kisha akasema, "Basi chagua. Amri au uwanja."

Kesho yake nilipita nyumba kwa nyumba nikiomba ng'ombe, mimi niliyewafukuza miaka yote. Walinitania, lakini waliwaleta. Wakala siku tatu. Siku ya nne akina mama wakanisaidia kuzoa mavi tukayapeleka shamba la pamba, nikaziba alama za kwato kwa changarawe, nikapita kwa baiskeli mara kumi. Meno yalitulia.

Ndege ilitua vizuri. Bwana Mkaguzi akashuka, akapiga hatua tatu, akakanyaga bonge la mavi nililolisahau. Akauliza nani ameruhusu ng'ombe. Nikasema ni mimi. Bibi Bhoke akasogea mbele.

"Tata, baba yangu, hata yule mzungu wa kwanza alishuka akakanyaga hivyo hivyo. Sasa kumbukumbu imekamilika."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Bwana Mkaguzi akakifuta kiatu, akachukua baiskeli yangu, akaiendesha mbio uwanja wote, kwenda na kurudi. Akanirudishia.

"Mawe yako yamefifia," akasema. "Kesho yapake chokaa."

Trekta likapelekwa bondeni. Baadaye nilihamishiwa Mugumu, kisha Tarime, nikafanya kazi chini ya mabwana wanne wenye amri zao, nazo nilizishika. Amri ni nzuri, vijana, lakini muulizeni pia aliyekuwepo.

Nimestaafu, na jiwe bado lipo. Limeandikwa kwamba hapa ilitua ndege ya kwanza. Halisemi nani aliitengenezea mahali pa kutua, ndiyo maana nimeandika: ni ng'ombe wa baba mkwe wa Bibi Bhoke.