Ijumaa Tano Bila Kujaza

Jamani, kuna watu wanajua kulia! Tangu yule mzee fundi mvinyo afariki, Mama Faneli alikuwa ameshuhudia vilio vya kila aina: cha kujibwaga chini, cha kuegemea ukuta huku jicho moja likimtafuta mpiga picha, na cha wale waliomjua marehemu kwa kupungiana mikono mara mbili barabarani. Wakishamaliza kupenga makamasi, wote walimgeukia yeye, mwanamke aliyefanya kazi na marehemu miaka thelathini na moja, wakamkagua macho. Makavu kabisa. "Ana roho ngumu huyu," walinong'ona, kwa sauti ya kutosha kusikika.

Alisikia. Akasonya.

Jina la Mama Faneli alipewa na mzee mwenyewe, kwa sababu ya faneli ya bati yenye shingo ndefu aliyotembea nayo ikining'inia kiunoni. Alianza pale kama msichana wa kuosha mapipa, mkono unazama mpaka kwapani, nywele zinanuka zabibu wiki nzima. Mzee alipoona hachoki wala habahatishi, akamkabidhi kazi ambayo hakumwachia mtu mwingine: kujaza. Maana mbao zinakunywa. Mvinyo ukikaa ndani ya pipa unapungua kidogo kidogo, juu panabaki nafasi, hewa inaingia, utando mweupe unaota, na usipowahi unaambulia siki. Kwa hiyo kila Ijumaa asubuhi kizibo kinatolewa, faneli inaingia, pipa linajazwa mpaka mdomoni. Basi, hakuna siri nyingine. Wanafunzi waliomiminika kutoka kila upande kuisaka siri ya mzee walikuwa wanakutana nayo pale ngazini, imeshika faneli, nao wanaiambia, "Samahani mama, tupishe."

Alhamisi ile, kitandani, mzee hakutoa neno lolote kubwa la kuchongwa kwenye jiwe. Aliuliza tu, "Kesho Ijumaa?"

"Ndiyo, mzee."

"Usiniangushe."

"Tangu lini nikakuangusha? Hebu lala."

Akalala, na hakuamka tena.

Kesho yake Mama Faneli alifika na faneli yake, akakuta mlango wa ghala la chini umetiwa kufuli jipya lililofungwa utepe mweusi. Mbele yake amesimama mtoto wa marehemu, ambaye tangu baba yake augue alikuwa anapenda sana kuitwa Mkurugenzi.

"Ni kwa heshima ya baba," alisema. "Kila kitu kibaki kama alivyokiacha. Buti zake, aproni yake, hata glasi yake pale juu ya pipa. Hakiguswi kitu mpaka siku ya kumbukumbu."

"Mwanangu, mapipa yanataka kujazwa."

"Mama Faneli, tuna msiba."

"Pipa linajua msiba? Nipe ufunguo!"

Hakupewa. Na wala wazo lenyewe halikuwa la Mkurugenzi, maskini, kichwa chake hakikuwa kinafika mbali hivyo. Lilikuwa la Mwanafunzi Mkubwa, bwana mmoja wa shali shingoni, aliyekaa na mzee miezi minne miaka mingi iliyopita, na tangu hapo anaishi mjini kwa miezi hiyo hiyo minne. Kila mahali ni "mzee aliniambia", "mzee alinishika mkono". Mazishini alisema kuwa ukimya wa ghala lile ni sala. Watu wakatikisa vichwa kwa uchungu. Mama Faneli, nyuma kabisa, aliuma meno asitukane mbele ya jeneza.

Ijumaa ya pili ikapita, na ya tatu. Kila Ijumaa alikuja, akaomba, akafoka, akasindikizwa nje kwa upole kama mtu aliyechanganyikiwa. Ya nne aliinama kwenye tundu la ufunguo, akanusa, bado. Ya tano akanusa tena, na safari hii kiharufu chembamba, kikali, kikampiga puani. Alirudi nyumbani na faneli yake kavu. Ule ulikuwa mvinyo wa mwisho wa mzee, mapipa kumi na manane, zabibu alizozichagua mwenyewe akitembelea fimbo, na sasa unafia mle ndani kwa heshima. Na yeye alikuwa ameahidi. Hilo ndilo lililomuuma, wala si kingine.

Siku ya kumbukumbu ikawadia, siku ya pili yake, Jumamosi. Hapo likazuka tatizo: nani atafagia ngazi za ghala kabla ya wageni? Wenye heshima hawashiki ufagio. Basi Mkurugenzi akavua ufunguo shingoni, akamkabidhi Mama Faneli kwa vidole viwili.

"Fagia, panga zile chupa mezani, toka. Mapipa usiyaguse."

"Sawa, bosi," alisema Mama Faneli. Mkurugenzi angekuwa anamjua vizuri angeshtuka, maana mama huyo alikuwa hajawahi kumwita bosi maishani.

Chupa zenyewe zilikuwa thelathini na sita, za miaka bora ya mzee, zimewekwa kwa ajili ya wageni wakubwa kunywa kwa kumbukumbu. Mama Faneli akafungua kizibo cha pipa la kwanza. Utando. La pili, utando. Pipa hujazwa kwa mvinyo mzuri, na mvinyo mzuri mwingine mle ndani haukuwepo. Akaziangalia chupa. Akaenda kufunga mlango kwa ndani.

"Watanisamehe," alisema, "na wasiponisamehe shauri yao."

Alijaza taratibu, shingo ya faneli ikizama chini ya utando, mvinyo ukipanda polepole na kuusukuma ule uchafu mpaka ukamwagika wenyewe kwenye mdomo wa pipa. Anafuta, anaziba, anahamia lingine. Chupa mbili kila pipa. Alipofika la kumi na nane, lile la karibu na mlango, hakuhitaji hata kuinama. Siki tupu. Akaliziba tu.

Wageni waliposhuka walizikuta chupa zimepangwa vizuri kwenye kitambaa cheupe, thelathini na nne tupu, mbili zimejaa. Mkurugenzi akazihesabu mara mbili.

"Ziko wapi? Umezinywa?"

"Ningezinywa ningeweza kusimama hapa?"

Mwanafunzi Mkubwa aliona nafasi yake, akaidaka. "Tulieni, tulieni! Mzee hakai kwenye chupa, anakaa kwenye pipa!" Akachukua ile glasi ya marehemu ambayo wiki nne ilikuwa haiguswi, akaikinga kwenye bomba la pipa la karibu na mlango, akanywa, akafumba macho. Chozi likamtoka, kwa siki ile, hata ningekuwa mimi lingenitoka. "Ni yeye," alisema kwa sauti ya kutetemeka. "Ukali wake. Ukweli wake. Ni mzee mwenyewe huyu!"

Glasi ikazungushwa. Wakubwa wakaonja, nyuso zikajikunja, vichwa vikatikisika kwa kukubali. "Mzee mtupu," alisema mmoja, akimeza kwa shida. Masikini ya Mungu.

Ilipomfikia Mkurugenzi, alionja, akatema hapo hapo sakafuni. Alizaliwa juu ya mapipa yale, bwana. Cheo kilimpotosha akili lakini ulimi hakikuuharibu.

"Hii ni siki," alisema.

Mwanafunzi Mkubwa akaanza kurekebisha shali. Mkurugenzi akamgeukia Mama Faneli, na sauti yake haikuwa tena ya Mkurugenzi. "Na mengine?"

"Yamejaa. Onja ukipenda."

Akaonja moja, akaonja la pili. Akainamisha kichwa, kisha akawaomba wageni wapande juu, hotuba zitaendelea huko. Wakapanda kwa furaha. Hotuba hazina siki. Alipobaki yeye na Mama Faneli, aliukuta ufunguo mlangoni, akaurudisha mkononi mwa mama huyo na kumfumba vidole.

"Ijumaa uje," alisema.

"Sikungoji wewe kuniambia."

Mkurugenzi alipotoka na mlango kufungwa, Mama Faneli alikaa juu ya kreti, akaweka kiganja kwenye pipa lililokuwa karibu naye. Juu watu walikuwa wanapiga makofi.

"Nimejaza kumi na saba, mzee," alisema. "Moja wamelila wale mbwa. Nimechelewa, nisamehe."

Na yule mwenye roho ngumu alilia, alilia kwa sauti, mpaka aproni ikalowa, na hakuna hata mmoja wao aliyemsikia.