Mlango Uliosema Kibali Changu Kimekwisha

Mlango wa ofisi yangu mwenyewe ulikataa kunitoa, na pampu yangu ya pumu ilikuwa mezani, upande wa pili.

Tulikuwa wawili ndani ya chumba cha seva, zile kompyuta kubwa za ofisi: mimi na shemeji yangu, mume wa dada, fundi mwenzangu wa programu.

Chumba kile, kuingia kadi, kutoka kadi. Shemeji alikuwa ndiyo kwanza amewasha mfumo mpya wa mlango, tukiwa mle mle ndani, unaoiuliza huduma ya kampuni ya ulinzi: mwenye kadi hii aruhusiwe?

Nikagusisha kadi. Taa nyekundu. KIBALI KIMEKWISHA.

Akagusisha yake. Nyekundu.

"Usijali shem, nazalisha programu upya sasa hivi."

Ndiye huyo. Hajawahi kuandika mstari akiweza kubonyeza kitufe. Anakipa chombo chake cha kompyuta faili la maelezo ya huduma ile ya ulinzi, kinamwandikia programu nzima, yeye anakunywa chai.

Akabonyeza. Ikaja ile ile. Nyekundu.

Tukagonga mlango. Wapi! Chuma kile na mvumo wa mafeni, nani atasikia? Simu nazo hazishiki mtandao. Kifua kikaanza kubana. Nikaogopa jamani, nikaogopa kweli.

"Nizalishe tena?"

"Koma! Fungua lile faili tulisome."

"Lote?"

"Unataka ukamwambie nini dada yangu?"

Tukalisoma kwa macho yetu, mimi nimekaa sakafuni. Tukafika kwenye tarehe ya mwisho wa kibali: si lazima iwepo, isipokuwepo, kibali hakina mwisho.

Sisi wafanyakazi wa kudumu wote hatuna tarehe. Chombo kilipokuta pengo, kikajaza tarehe ya mwaka wa kwanza kabisa wa kalenda. Yaani vibali vyetu vilishaoza kabla babu zetu hawajazaliwa!

"Futa. Andika... kwa mkono," nikasema, pumzi inakatika. "Tarehe haipo... afunguliwe."

Akaandika mistari michache, akagusisha kadi. Kijani. Akanibeba mgongoni mpaka kwenye pampu.

Pumzi iliporudi nikamwuliza, "Hivi hicho chombo chako hakikuonya?"

Akainamisha kichwa. "Kilionya, shem. Kila mara, hata mle ndani. Nilikuwa nabonyeza 'sawa'."

Nikaitia pampu mfukoni.

Ndugu zangu, kuandikiwa si dhambi. Ila soma ulichoandikiwa kabla hujajifungia nacho ndani.