Mzee Niliyemchua Mgongo Kibondo

Mwaka 1979, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki. Nikaacha darasa la pili, nikaanza kubeba mizigo ya watu kule Makere. Nalisema mapema ili ujue unamsoma mtu aliyelelewa na kazi, sina muda wa kutunga hadithi. Haya yalinipata mimi, nikiwa macho kabisa, pombe sijaonja.

Kazi yangu ni kuchua punda. Cheka, ukimaliza tuendelee. Punda wa mizigo hukaza mgongo kama wewe. Mimi namchua kwa mawese ya vuguvugu, kisha namnyanyua mguu mmoja mmoja nitazame kwato. Mkono umeshazoea.

Basi Hajji mmoja mwenye duka pale Kibondo akaniletea punda wake aliyegoma. "Mzee, mchue. Kesho akilala chini tena, namuuza akachinjwe."

Nikamfunga bandani, nikaingia jikoni kupasha mawese. Jua ndiyo linazama. Kurudi, kamba iko chini, punda hayupo! Kwenye gogo kakaa mzee wa koti jeusi, buti kubwa, kofia kaivuta mpaka masikioni.

"Punda yuko wapi?"

"Nichue kwanza, ndugu yangu. Mgongo unaniua."

Nikamwambia sichui watu. Akavua koti, akanipa mgongo. Ningefanyaje? Mtu mzima anaugua mbele yako, utamfukuza?

Niamini, mikono ilijua kabla yangu. Bega la kushoto lina sugu ya kamba. Nywele za shingoni zimesimama mstari mmoja mpaka mgongoni. Nikabana penye fundo, akatoa mlio ambao mbwa wa jirani waliuitikia. Nilipomaliza, kwa mazoea tu, nikamnyanyua mguu. Buti likachomoka. Kwato!

Wewe ungekimbia. Mimi nilimkaripia. "We mzee, unataka niitwe mwizi wa punda? Rudi ulivyokuwa!"

"Nirudi nikachinjwe? Huyo Hajji wako kushoto ananiwekea saruji, kulia katoni za biskuti. Wewe ungetembea?"

"Nitamwambia. Ila ukilala chini kesho, mimi simo."

Akaguna, akaomba nimwongeze mawese. Nikainama kuchukua bakuli. Kuinuka, punda kasimama, mgongo unang'aa mafuta.

Asubuhi Hajji akaanza kupakia kwa mtindo wake uleule. Punda akanitazama, magoti yanaanza kukunjika.

"Gawanya saruji, Hajji! Kushoto na kulia!"

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe!"

Hajji akacheka mpaka kofia ikamdondoka, lakini akagawanya. Punda akaondoka mbio kama anakwenda kuposa. Hajji hakucheka tena. Siku hizi hapiti mbele ya mnyama yule bila kumwamkia kwa Kiha, "Mwakeye, mzee wangu."

Na mimi? Simgusi mtu bega kabla hajavua viatu. Kijana aliyekuja kumposa binti yangu alinuna, lakini alivua. Wewe unayempiga fimbo punda wa watu barabarani, endelea tu. Iko jioni atakuja kwako kavaa koti, na wewe kuchua hujui.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, shamba la migomba Titye, mbuzi sita, pikipiki moja, na punda wawili ninaowapakia sawasawa.