Mama alivyowachemshia watafiti karanga za shamba la majaribio

Wakuu, heshima kwenu. Hili limetokea nyumbani kwetu Kigwa, mimi nikiwa nimesimama palepale, na chumvi sijaongeza.

Mimi nina kiduka mjini, Gongoni. Mama yuko kijijini, analima karanga.

Msimu huu serikali ilitoa fedha za kujaribu mbegu mpya ya karanga, na kipande cha shamba la mama kikachaguliwa. Ikizaa vizuri, kikundi chake cha akina mama kinapewa kazi ya kuzalisha mbegu hiyo, na kinachimbiwa kisima.

Kisima, wakuu. Mama yangu bado anafuata maji kwa baiskeli.

Sharti lilikuwa moja: karanga zisiguswe mpaka zipimwe.

Siku ya kupima nikafunga duka, nikawahi. Watafiti wawili wakaja na mzani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Kaeni kwanza, mle."

(Kwa mama mgeni haendi shambani na njaa, hata awe waziri.)

Akatoka jikoni na sinia la karanga mbichi za kuchemsha, bado zinafuka mvuke.

Aisee! Karanga za kijiji kizima zilikuwa hazijakomaa. Zilizowahi ni za mbegu mpya tu.

Mtafiti mmoja, dada wa miwani, akamenya, akatafuna, akasita.

"Mama, hizi umetoa wapi?"

"Si hapo shambani kwenu, kwani wapi tena?"

Nikaona kisima kinafukiwa kabla hakijachimbwa. Nikaanza kuomba msamaha: "Mtusamehe, mama hajui taratibu za utafiti..."

Mama akanikatisha. "Nani hajui? Nimeng'oa tuta la pembeni. Siku ya kupanda walisema matuta ya pembeni hayapimwi, yapo kukinga ya ndani. Na wewe baba ulikuwepo, ila ulikuwa na simu yako."

Kweli nilikuwepo. Na simu nilikuwa nayo.

Yule dada alicheka mpaka akavua miwani. Wakakagua, matuta ya ndani yote yako salama. Wakapima, mbegu mpya ikayaacha mbali kabisa mavuno ya kawaida ya mbegu ya zamani.

Juzi majibu yametoka: kikundi kimepita. Nimefurahi mpaka wateja wananishangaa.

Nilichojifunza: nilimwombea msamaha mtu pekee pale nyumbani aliyekuwa amesikiliza.

Haya, nani mwingine mzazi wake amewahi kumuumbua mbele ya wageni? Tiririkeni hapa. Na kisima kikianza kuchimbwa naenda Kigwa, simu naiacha dukani.