Fundi Aliyekula Pweza Wangu

Jamani, wivu umeniumbua. Mke wangu Mwanahawa hutengeneza kadi za harusi kwenye kompyuta yetu hapa Nangurukuru. Ikaingiwa na virusi. Fundi akaja, akaisafisha, akapakuliwa pweza wa nazi. Mimi nikaachiwa mchuzi. Virusi vikarudi, naye akaitwa tena, na tena. Nikajua hawa wana lao. Kila akiondoka nachomeka flashi yangu kimyakimya, nanakili mafaili nisake mapenzi yao.

Juzi fundi akauliza, “Shemeji, kuna flashi inayochomekwa hapa? Tusipoisafisha nayo, virusi havitaisha.”

Mwanahawa akainyooshea kidole ilipokuwa inaning'inia kwenye funguo zangu. Ilipofunguliwa, kioo kikaonyesha folda moja: “Ushahidi wa Mke na Fundi.” Ndani hamna kitu ila kadi za harusi za watu.

Mwanahawa akachukua sahani yangu ya pweza, akamwongezea fundi.