Baba Neema na jogoo aliyeuawa

Leo mume wangu ameambiwa ameua. Mezani, mbele ya mgeni.

Bi Zuhura, rafiki wa marehemu mama yangu, amekuja kwa treni kutoka Bukene kumwona mtoto wetu mchanga, Neema, hapa Ipuli.

Sisi ni Wakristo, Wamoraviani, yeye ni Mwislamu. Akija mgeni Mwislamu, huwa tunamwita Mzee Ramadhani, fundi baiskeli wa jirani, atuchinjie kuku.

Leo mzee hakuwepo. Baba Neema akashika kisu mwenyewe na hakuniambia.

Ugali unafuka, Bi Zuhura akauliza kwa upole, "Jogoo kachinjwa na nani?"

"Na mimi, mama." Kifua mbele.

"Hujachinja, mkwe wangu. Umeua."

"Lakini nilisali kwanza," akajitetea. "Nilisali mpaka jogoo akasinzia."

"Hata ungemwimbia. Kisu bila bismillahi ni kuua tu. Hicho kwangu ni kibudu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mgeni atoke Bukene aje kushinda njaa kwangu?

Bi Zuhura akajifunga kanga kiunoni, akaomba kisu, akatoka uani. Jogoo wa pili hakupata hata muda wa kukimbia.

Baba Neema amekula wa kwake peke yake, ameinama kama yuko msibani.

Wakati wa kuaga, Bi Zuhura akamshika mkono. "Siku ya ubatizo nipigieni mapema. Kisu nitakuja nacho. Wewe, mkwe wangu, endelea kusali."

Kwenu nani anachinja? Kwangu nafasi iko wazi.